Cheni ya katapila ya mbao: nilivyoikosea mara tatu

Kazi yangu ni milango, vitanda na makabati. Karakana iko Magomeni, hapa Mtwara mjini. Mashine ndogo za mbao sikuzitafuta. Aliyenitia humo ni mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyekuja likizo kutoka Tandahimba akiwa na miaka sita na neno moja tu mdomoni: katapila. Njiani basi lao lilisimamishwa kupisha mashine za barabara, na yeye alikuwa dirishani akiitazama moja ikijigeuza papo hapo bila kwenda mbele wala nyuma. Alipofika, hata chai hakuigusa.

"Shikamoo mjomba. Nitengenezee katapila."

Huku kwetu mtoto wa dada akikuomba kitu huna pa kukimbilia. Nikamwambia anipe siku mbili. Siku mbili hizo zilikula mwaka na miezi.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Aliyoiona mtoto ni eskaveta, ile yenye mkono mrefu na ndoo, ambayo wengine huiita kijiko. Lakini mtaani chochote kinachotembea kwa cheni ni katapila, hata kama kimetengenezwa Japani na kampuni nyingine kabisa, si Caterpillar. Na mimi nitasema hivyohivyo.

Sehemu ya juu haikunisumbua. Kibanda cha opareta, mkono, ndoo yenye meno matano, vyote vilitoka kwenye mabaki ya mninga ya kitanda cha mteja, na kweli vilichukua siku mbili. Nikabaki na cheni. Nikajidanganya kuwa cheni ni urembo tu wa chini, haiwezi kunishinda mtu ninayechonga komeo za milango.

Ya kwanza niliifanya kitoto. Tuliokua na magari ya maboksi yenye matairi ya ndala tunajua: kitu kikikushinda, kitafutie mpira. Nikachana mpira wa ndani wa baiskeli, nikapanga juu yake vibao vidogo vya mwembe, nikavibandika kwa gundi ya viatu. Ikapendeza sana mezani. Mtoto akaiburuza uani siku nne. Jua la mchana likalainisha gundi, mpira ukavutika, vibao vikaanza kubanduka kimoja kimoja kama magamba ya changu kwenye kisu cha muuza samaki. Mpwa wangu hakulia. Aliviokota vyote, akaviweka kwenye mfuko wa rambo, akanikabidhi kama fundi anayerudishiwa mzigo wake.

Hapo ningeweza kumnunulia la plastiki dukani tukamaliza. Bahati mbaya, au nzuri, jamaa mmoja aliyekuja kuchukua dirisha lake aliliona lile gari bila cheni, akalizungusha mkononi, akasema ofisini kwao wana mhandisi anayehamishwa, wanataka kumuaga na kitu cha maana. Akataka katapila kama lile, kubwa kidogo, cheni zikizunguka kweli. Nikaitika kabla hajamaliza sentensi.

Safari hii nikasema sibahatishi. Kulikuwa na eneo wanalolaza mashine za barabara, nikaenda na futi kamba, penseli na kipande cha boksi. Opareta alikuwa mtu wa makamo, mkarimu, ananiita fundi nami namwita kaka. Akaniruhusu kupima. Kiatu kimoja cha cheni, maana vile vibamba vya chuma vinavyokanyaga ardhi huitwa viatu, kilikuwa na upana wa sentimita 60. Kutoka pini hadi pini sentimita 19. Nikahesabu viatu vya upande mmoja nikitembea kuizunguka cheni kama mtu anayehesabu mikungu ya ndizi: 45. Nikaamua kugawa kila kitu kwa kumi. Kiatu changu kiwe milimita 60, hatua ya pini hadi pini milimita 19, viatu 45 kila upande. Jumla 90.

Nikavichonga vyote kwa mninga. Kila kiatu kilikuwa kipande kimoja: upande huu ulimi katikati, upande wa pili masikio mawili, ulimi wa huyu unaingia kati ya masikio ya mwenzake, tundu linapita, pini inashona. Bawaba, kwa kifupi. Bawaba 90. Nilipozishona na kuzilaza mezani nilijisikia kama nimezaa.

Siku ya kuaga nilialikwa. Ukumbi mdogo, soda, pilau, hotuba zisizoisha. Katapila likawekwa mbele kwenye meza yenye kitambaa cheupe, na mshereheshaji akaniomba nionyeshe linavyotembea. Nikalishika mgongoni nikalisukuma taratibu. Sentimita kumi za kwanza zilikwenda vizuri, cheni inapanda nyuma, inashuka mbele, watu wanapiga picha kwa simu zao. Kisha nikasikia *tak*. Mlio mdogo kama njiti ya kiberiti. Sikio moja limeondoka. Nikaendelea kusukuma, nikidhani hakuna aliyesikia, na hapo yakafuata *tak, tak*, na cheni ya kulia ikateleza kwenye magurudumu, ikalala juu ya kitambaa cheupe kama nyoka aliyekanyagwa. Mhandisi, Mungu ambariki, alicheka akasema hiyo ndiyo hali halisi ya kazini. Watu wakacheka naye. Mimi nilikuwa naokota masikio ya mninga chini ya meza, na hela ya watu nilishaila.

Kesho yake nikarudi kule mashine zinakolala. Nikakuta mafundi wameikata cheni ya mashine moja na kuitandaza chini, ndefu kama mkeka wa msibani, wanabadilisha kitu. Yule opareta akanisikiliza kisa chote, akachukua kiatu changu kilichovunjika, akakigeuza. Akaniambia:

"Fundi, wewe ulipima viatu. Viatu havivuti kitu."

Akanichuchumaza pembeni ya cheni. Ukiitazama mashine imesimama, unaviona viatu tu. Ukiitandaza chali, unakuta ndani yake kuna cheni yenyewe, mistari miwili ya vyuma vinene vilivyoshikana kwa pini na bushi, yaani bomba fupi la chuma linaloivaa pini, na viatu vimefungwa juu yake kwa bolti, nne kila kiatu. Meno ya sproketi, lile gurudumu la meno linaloizungusha cheni, yanashika bushi. Rola, vile vigurudumu vya chini, zinapita juu ya ile mistari miwili ya vyuma kama treni kwenye reli. Nguvu yote inapita humo ndani. Kiatu kazi yake ni kukanyaga, kikichakaa unakifungua unafunga kingine.

Nikakitazama kile kiatu changu mkononi mwake, na aibu ikanipanda taratibu, maana kosa lilikuwa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mbao ni kama mzigo wa matete yaliyofungwa pamoja. Ukiyavuta kwa urefu, utachoka wewe. Ukiyasukuma kwa ubavu, yanaachana. Kiatu ni kipana kuliko urefu wake, kwa hiyo nilikuwa nimezilaza nyuzi za mbao zifuate ule upana wa milimita 60, kama ambavyo yeyote angefanya. Lakini cheni inavuta kwenda mbele, na masikio yangu yalikuwa yamechomoza kwenda mbele yakiwa na nyuzi zilizolala ubavu. Sikio la unene wa milimita sita, limetobolewa katikati, nyuzi ubavu. Hata biskuti ingevumilia zaidi. Nimechonga miguu ya viti miaka ishirini na sijawahi kukata mguu nyuzi zikiwa zimelala. Kwenye kitu kidogo nilijisahau, kwa sababu nilikuwa natazama sura yake.

Kwa hiyo jibu lilikuwa kuiga ile mashine yenyewe: tenganisha kinachovuta na kinachokanyaga. Ulimi na masikio vichongwe peke yake, nyuzi zikielekea mbele. Kiatu kichongwe peke yake, nyuzi zikielekea ubavu, kibandikwe juu. Kila kipande nyuzi zake zinaelekea kwenye kazi yake.

Baadaye nilikuja kusoma kitu kilichonifariji. Benjamin Holt, Mmarekani wa Stockton, California, alipojaribu trekta lake la mvuke la cheni tarehe 24 Novemba 1904, vile viatu vilikuwa vibao vya mti wa redwood vilivyofungwa juu ya cheni ya chuma. Ardhi ya kule ilikuwa laini, magurudumu yakizama, naye akatafuta kitu cha kukanyagia. Yaani kiatu cha kwanza cha Holt kilikuwa cha seremala. Jina la katapila, yaani kiwavi, lilikuja mwaka uliofuata kutokana na namna lile dude lilivyotambaa. Na kusini hii cheni si ngeni. Mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, ulioiletea Mtwara bandari na Nachingwea reli ambayo leo haipo, ulifyeka misitu kwa matingatinga, mengine yakiwa vifaru vya kijeshi aina ya Sherman vilivyogeuzwa kuwa trekta. Mradi wenyewe ulikufa mwaka 1951. Karanga hazikuonekana, bandari ndiyo tunaitumia.

Turudi mezani.

Sasa nilikuwa na vipande vitatu vya ndani kwa kila kiatu, ulimi mmoja na masikio mawili. Zidisha kwa 90, ni 270. Ongeza viatu vyenyewe, 360. Na pini 90. Nikavikata vyote jioni baada ya kazi za kulisha familia. Ncha za masikio na ndimi lazima ziviringwe, la sivyo zinagongana cheni inapopinda kwenye sproketi, na kuviringa kimoja kimoja ni kazi ya kichaa. Nilizitunga kumi kumi kwenye msumari kama mishikaki, nikazibana kwenye jiriwa, nikazipitisha tupa zote kwa pamoja. Kiatu nilikikata milimita 18 badala ya 19, ili kisibanane na jirani yake.

Nikapima, nikatoboa, nikabandika, nikashona. Haikukatika. Nilining'iniza nayo tofali, haikukatika. Nikaipeleka kwenye gari, cheni ya kushoto ikakaa sawa, ya kulia ikaning'inia kama sketi isiyo na mkanda.

Nikazitandaza zote mbili sambamba. Zote viatu 45. Moja imemzidi mwenzake sentimita moja na kitu. Nikachukua kiatu kimoja hapa, kimoja pale, nikapima hatua ya tundu hadi tundu: 19. Kingine, 19. Kingine 19 na uzi mmoja wa nywele. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye mlango, kukosea theluthi moja ya milimita si kosa, hata mkaguzi mwenye miwani halioni. Kwenye cheni, theluthi moja ya milimita inasubiri wenzake. Mara 45 ni milimita 15. Kosa dogo halipotei, linajipanga mstari.

Hili lilinichukua muda kulitatua kuliko yote, na jibu lake lilikuwa rahisi hadi nikajicheka. Nilikuwa nataka kupima vizuri zaidi. Nikanunua rula ya chuma, nikanoa penseli iwe kama sindano. Haikusaidia. Kilichosaidia ni kuacha kupima. Nilichukua kipande cha mkongo, nikapigilia misumari miwili iliyokatwa vichwa, imesimama wima, umbali wa milimita 19. Hicho ndicho kigezo. Masikio mawili yanavalishwa msumari huu, ulimi unavalishwa msumari ule, katikati vinapishana ubavu kwa ubavu na gundi ya mbao, unabana na kibanio cha nguo, unasubiri. Misumari unaipaka nta ya mshumaa kwanza, maana cha kwanza nilikibandika pamoja na kigezo chake na ikabidi nikivunje. Tundu likitobolewa pembeni kidogo haidhuru, kwa sababu anayeamua umbali ni misumari, naye haachi kazi wala hachoki saa nne usiku. Vyote 90 vilizaliwa na mama mmoja.

Halafu nikagundua kigezo chenyewe si 19 kamili. Nilivuta viungo kumi, nikavipima: milimita 192. Zamani ningevunja vunja. Sasa haikuwa na shida. Kama vyote vimekosea sawasawa, basi hatua yangu ni 19.2, na sproketi ndiyo itakayoifuata.

Sproketi nayo ina kisa, ila kifupi. Nilitaka meno kumi. Nikafanya hesabu ya darasa la saba: viungo kumi ni 192, gawa kwa 3.14, kipenyo milimita 61 na ushee. Nikachonga. Cheni ikawa inapanda juu ya meno, inaruka. Jirani yangu anafundisha hesabu sekondari, nikamwita baada ya swala ya alasiri. Akachora duara mchangani, akachukua cheni yangu akaizungushia. "Mzee, hii si kamba. Kamba inalala kwenye duara. Hii inavunjika kona kwa kona." Akachora umbo la pande kumi, akaniambia niigawe hatua kwa saini (sine) ya pembe ya digrii 18. Jibu likawa 62 na kidogo. Tofauti ya milimita moja, na cheni ikatulia. Opareta aliponisikia nikisimulia alisema ndivyo hata kubwa zinavyofanya: cheni ikichakaa pini zinaliwa, hatua inarefuka, inaanza kupanda meno.

Zikabaki pini. Nilianza na spoku za baiskeli, lakini chumvi ya bahari hapa haina huruma, wiki tatu zilikuwa nyekundu. Nikaenda kwa babu mmoja mchongaji, mwenye kuchonga vinyago tangu sijazaliwa, kumwomba mabaki ya mpingo. Hakuniuliza ya nini hadi alipoona natoa msumeno. "Mjukuu, pasua, usikate." Akachukua panga na nyundo ya mti, akauweka ukali juu ya kipande, akagonga mara moja. Ukapasuka ukifuata njia yake wenyewe. Msumeno unakwenda unakotaka wewe, panga linakwenda unakotaka uzi. Vijiti vile nikavipitisha kwa nyundo kwenye kibamba cha chuma nilichotoboa tundu la milimita 3, vikatoka upande wa pili vimeviringika, vyeusi, vizito. Mpingo unazama majini, msomaji akijaribu ataona. Tahadhari moja: vumbi lake linawasha na kupigisha chafya, vaa barakoa. (Na mtu akikuuzia kinyago cheusi kwa bei ya bure, kisugue na kitambaa chenye mafuta. Mara nyingi kinachotoka ni kiwi cha viatu.)

Nilimaliza Oktoba, wakati wa korosho, hewa kavu. Cheni ikizunguka kama maji. Januari, mvua zimeshika, nikaichukua kuionyesha kwa mtu na ikakataa. Imekakamaa kama mkono uliolaliwa. Unyevu umeyabana matundu. Nilikuwa nimetoboa yote milimita 3. Nikazing'oa pini 90, nikatoboa ndimi upya kwa biti ya 3.5, masikio nikayaacha. Pini inakaza masikioni, inacheza kwenye ulimi, na imepakwa nta. Mafuta usipake, yanakusanya mchanga. Gurudumu la mbele nalo niliacha nafasi ya kuteleza, na nyuma yake kabari ndogo: ukiigonga cheni inakaza, ukiitoa inalegea. Kwenye mashine kubwa kazi hiyo inafanywa na grisi inayojazwa kwenye silinda, na kwenye tope wanailegeza kidogo makusudi. Nami nililegeza kidogo.

Yule mhandisi nilimtumia cheni mpya kwa basi, bila malipo, na kabari yake ya akiba. Alinitumia picha, lipo juu ya kabati.

La mpwa wangu halikai kabatini. Likizo ya Juni aliliburuza kwenye mchanga wa ufukwe wa Shangani asubuhi hadi jioni, na mchanga ni msasa. Jana yake ya kuondoka alikuja karakana amelibeba kifuani.

"Mjomba, cheni imelegea. Kabari imefika mwisho."

Nikaichunguza. Kweli, matundu yameliwa. Nikachomoa pini mbili kwa msumari, nikatoa kiungo kimoja na kiatu chake, nikaunganisha. Zikabaki 44. Nikafanya hivyohivyo upande wa pili. Vile viwili alivitia mfukoni mwa kaptula, akaniuliza ngapi zitabaki akija Desemba.